Mndimu wa Bibi

Kila nikisikia harufu ya ndimu, ulimi wangu hukimbilia gego moja la chini. Lilizibwa hospitalini Kibiti, nikiwa mdogo, na bibi akaapa halitatoboka tena. Kila asubuhi alinisukutuisha maji ya ndimu na chumvi, dawa yake ya meno yote. Misimu miwili ya mpunga ilipopita, pale palipozibwa pakaanza kukwaruza ulimi, kisha pakabonyea.

"Bibi, ndimu ndiyo inayokula dawa tuliyozibia," daktari wa meno alisema tuliporudi Kibiti.

Tulipofika nyumbani, kijijini Mtawanya, bibi alichukua panga, akaukata mndimu wake.

"Na samaki tutamla na nini, bibi?" nilimuuliza.

"Tutamla kwa chumvi tu. Mimi sina meno, wewe unayo."

Leo nimewakamulia wageni ndimu kwenye samaki. Wangu nimemla kwa chumvi tu.