Mwigo, Dubwana la Fundi Adolfu

Mume wangu Adolfu alikuwa fundi cherehani, mzaliwa wa Mwimbi, na kwa miaka kumi na tisa alishona sare za shule kwenye kibaraza cha nyumba yetu hapa Chanji, Sumbawanga. Hakuwa mtu wa kuandikwa. Alivaa sweta lile lile masika na kiangazi, alipenda ugali wa ulezi, na kitu kikiwekwa mbele yake alikuwa hakioni. "Luciana, mkasi uko wapi?" Mkasi uko magotini kwake. Namjibu, "Mwenye macho haambiwi tazama." Naye kila mara, kwa sauti ya chini ya kusikiwa na mimi tu: "Ningeuona vipi, na wewe umekaa kimya?" Kila siku ya Mungu ni hivyo. Ilinikera, nasema kweli.

Presha ilimwangusha Jumatano asubuhi, shati la mtoto wa watu bado liko chini ya sindano. Jioni, tuliporudi kutoka hospitali bila yeye, nilikaa nikalimalizia mimi, kwa sababu lilikuwa halijamalizika. Hapo ndipo wifi yangu Fortunata, dada yake Adolfu, alipoanza kunitazama.

Maana sikulia. Hospitalini sikulia, kwenye kuaga sikulia, na kaburini Mwimbi, wanawake wengine wakishikiliwa wasianguke, mimi nilisimama nikaangalia udongo. Wala si kwamba nilijikaza. Nilikuwa na ganzi, kama mguu uliokaliwa muda mrefu. Nikiulizwa kama nimekula, nasema nimekula, na sijui kama kweli nilikula. Fortunata akawa anawaambia watu, na anahakikisha nasikia: "Mjane gani huyu, macho makavu? Huyu anajua kilichomuua kaka yangu." Ukishasemwa hivyo kwetu, kinachofuata ni kikao cha ukoo. Kikapangwa siku ya arobaini, mara tu baada ya misa. Nilitakiwa nieleze mbele ya wazee nilimfanya nini mume wangu, na nisipoeleweka nifungashe vyangu niondoke.

Nilijaribu kuogopa. Hata hilo lilinishinda.

Sasa habari ya dubwana. Watu wa mbali wakisikia Sumbawanga wanawaza uchawi tu, kwa hiyo hapa mtatikisa vichwa. Msinichoshe. Ulikuwa mchezo. Adolfu aliona kwenye simu watu wa nje wamezunguka meza: mmoja anasimulia safari, wengine kila mtu ana mhusika wake, huyu shujaa, huyu mganga, huyu mwizi, na wakikutana na dubwana wanarusha dadu kujua nani kashinda. Akaupenda. Dadu za namna ile hapa hazipo, basi akachukua vifungo ishirini vya mashati, akaviandika namba, akavishonea kifuko cha kitambaa cha kaki. Ukitaka kupiga upanga unaingiza mkono, unachomoa kifungo. Namba kubwa umempata, namba ndogo umemkosa. Kila Jumapili wakitoka kanisani walikaa pale kibarazani, yeye, mwalimu Tadei, na rafiki yake Meshack, Msukuma anayefuga huku bondeni. Watu wazima na ndevu zao, wanachomoa vifungo. Niliwaona wehu, lakini chai niliwapelekea.

Kwenye simu kulikuwa na dubwana linalojifanya sanduku. Ukilifungua lina meno. Adolfu akasema, "Mfipa gani ataogopa sanduku?" Akatunga la kwake, akaliita Mwigo. Asili yake aliisimulia nikiwa nachambua maharage, nikasikia yote.

Zamani, mwaka wa njaa, kwenye milima ya Lyamba lya Mfipa palikuwa na mjumbe aliyetumwa kupeleka habari za misiba kijiji hadi kijiji. Kila alikofika wafiwa walimwomba, "Tuambie alisemaje mwisho. Sema kama alivyosema yeye." Naye akasema kama walivyosema marehemu. Wafu wakawa wengi mno. Siku aliyorudi kwake, mkewe akamuuliza habari za safari. Akafungua kinywa, zikatoka sauti za watu wengine. Yake haikuwemo tena. Tangu hapo huingia kwenye nyumba yenye msiba, akakaa kwenye kiti cha marehemu, akaongea kwa sauti ya marehemu. Haumi mtu. Ila mwenye nyumba akimzoea, huacha kulima, huacha kupika, hukaa tu. Upanga haumpati. Hata ukichomoa kifungo cha ishirini, haumpati.

"Sasa anashindwaje?" Meshack aliuliza Jumapili tatu mfululizo. Adolfu akacheka, akasema jibu ameliandika na kulishonea ndani ya pindo la kifuko. Litafumuliwa siku watakayokubali wameshindwa. Jumapili ya nne tulikuwa matangani.

Siku ya arobaini, tulipotoka misa, wazee walishakaa kwenye viti uani, Fortunata kati yao, kajifunga kanga mbili kama mwenye safari. Kabla hawajaanza akaingia Meshack. Yeye na Adolfu walikuwa wanataniana Usukuma na Ufipa miaka yote, na mtani msibani hazuiwi. Akawaamkia wazee shikamoo, akanigeukia.

"Shemeji, mimi na mwalimu tumekubali. Tumeshindwa. Leta kifuko."

Nikakileta, nikafumua pindo kwa wembe. Nyuzi zilikuwa ndogo, za mkono wake. Karatasi ilikuwemo. Nikaisoma kwa sauti, kama ninavyosoma matangazo ya kanisani: "Bado sijui. Nitamuuliza Luciana, yeye ndiye mwenye majibu."

Nikaikunja karatasi, nikairudisha kifukoni, nikakiweka kifuko kwenye meza ya cherehani. Sikusikia kitu ndani yangu.

"Hata hilo halikumliza," Fortunata akasema. "Mmeona wenyewe."

Nadhani Meshack alinionea huruma. Alipanda kibarazani, akatungua sweta la Adolfu msumarini, akalivaa, akakaa kwenye kiti cha cherehani. Akashusha bega moja. Akaanza kupapasa meza, anatafuta, na chupa ya chai iko pale pale mbele ya pua yake. Kisha akasema, kwa sauti ya Adolfu kabisa, na kile kikohozi chake kidogo:

"Luciana, chai iko wapi?"

Watu wakacheka. Wazee nao wakacheka. Mimi mdomo ukajibu wenyewe, kwa mazoea tu:

"Mwenye macho haambiwi tazama."

Wakacheka zaidi. Nami nikangoja jibu langu. Meshack akanitazama. Nikangoja. Akakohoa tena kile kikohozi, akaigusa chupa, akaiachia.

"Nijibu," nikamwambia.

"Shemeji," akasema, na sauti sasa ilikuwa yake, ile nzito ya Kisukuma, "sijui alikuwa anajibu nini."

Hakuna aliyejua. Nilitazama wazee wote, nikamtazama dada yake wa tumbo moja, na hakuna hata mmoja aliyejua. Kwenye sweta la mume wangu alikuwa amekaa Meshack.

Ilinitoka sauti ambayo sikuijua kuwa ni yangu. Niliangukia ile meza, chupa ikamwagika, vifungo vikatawanyika uani, na kikao hakikufanyika tena. Fortunata, aliyeyangoja machozi yangu siku arobaini, ndiye aliyekuja kunishika mabega.

"Basi, wifi," aliniambia. "Basi, utaumwa."

Sikuweza kuacha.