Waya wa Kijani wa Ruth Kafedha

Mara ya kwanza Ruth Kafedha kuingia dukani kwangu Magongo, alitaka kununua kiti changu.

Mimi nauza friji za mtumba. Zinakuja kwa kontena, na mwenye kulipakia huko ng'ambo hujaza mapengo kwa chochote: sufuria, pasi, baiskeli za watoto. Safari ile palikuwa na boksi refu, nami nikalikalia.

"Hujambo, kaka Mramba? Hilo ulilokalia lina nini?"

"Sijambo, dada. Lina mali."

"Mali gani?"

"Wewe unatafuta mali gani?"

Akacheka. Naye ni mtu wa kazi, fundi wa kusuka mota za pampu na feni, kibanda chake hakifiki hatua mia kutoka kwangu. Alikuwa keshasoma maandishi ya ubavuni: gitaa la umeme, la kujiundia mwenyewe. Tulipolifungua tukakuta ubao uliochongwa, shingo, nyuzi, vifuko vya skrubu na nyaya. Karatasi ya maelekezo panya walikuwa wameimaliza.

"Ushawahi kuunda gitaa?" nikamuuliza.

"Sijawahi. Wewe ulizaliwa unauza friji?"

Tukapatana: achukue boksi, anifufulie friji sita zilizokufa. Nilijiona mjanja, kwa kuwa boksi lenyewe sikulinunua. Ningejua shida yake mapema ningemwongezea friji mbili. Miaka tisa alikuwa amepigia kwaya ya kanisa lao, kule Mikindani, gitaa la kijana mmoja. Kijana akahamia Kisauni na gitaa lake. Jacktone, kiongozi wa kwaya, akamwambia kwamba kama hatakuwa na gitaa lake kufikia Pasaka, watakodi mpigaji, na yeye arudi kwenye kayamba.

"Kayamba si aibu," Ruth aliniambia. "Lakini wiki nzima mimi ni fundi wa watu. Jumapili nikishika gitaa, ndipo ninapokuwa mimi."

Friji sita alizimaliza kwa wiki mbili. Gitaa akaliunda kwenye baraza yangu, kwa sababu mimi nina stima ya uhakika. Sumaku za kunasa mlio wa nyuzi, zilizozungushiwa waya mwembamba wa shaba, hazikumtisha hata kidogo. "Hii ni mota iliyokataa kuzunguka," akasema. Shingo aliifunga kwa skrubu nne, akaifungua, akaifunga tena, mpaka nyuzi zikapita katikati. Rangi ilimtesa. Alipaka buluu iliyobaki kwa mpaka-rangi wa tuktuk, na masika yalikuwa yameingia. Siku nne haikukauka. Aliishika kabla ya wakati, na alama ya kidole chake gumba ipo pale hadi leo.

Jumamosi ya kuamkia Pasaka, Jacktone akaja na amplifaya ya kanisa kusikiliza. Ruth akachomeka waya. Kabla hajagusa uzi wowote, spika ikaanza kuvuma.

"Mama Kafedha, hili ni gitaa au kinu cha posho?" Jacktone akauliza.

Nikacheka. Sikupaswa, ila nilicheka.

"Kesho njoo na kayamba, mama," Jacktone akasema. "Nampigia simu yule wa kukodi." Akatoka nje na simu sikioni.

Ruth aliligeuza gitaa. Alifungua kifuniko cha nyuma, akakagua kila mahali alipolehemu. Kote kuko sawa. Akalipakata gitaa huku bado linavuma, na kidole chake kikagusa chuma cha tundu ambamo waya wa spika huchomekwa. Kimya. Akaondoa kidole, mvumo ukarudi. Akagusa tena.

"Kaka Mramba," akasema taratibu, "waya nimeukata mwenyewe."

Akanieleza. Ndani ya ubao mlikuwa na waya mmoja uliotoka kwenye kile chuma kinachoshika nyuzi kwenda kwenye tundu lile. Ulikuwa waya wa athi, ule wa kuteremsha ardhini umeme uliopotea njia. Na sisi hapa Magongo, kila tunapofunga plagi, waya wa athi tunaukata. Nyumba nyingi za kupanga hazina athi, basi wa nini? Mikono yake iliukata kwa mazoea, akili haikuulizwa.

Chini ya meza yangu palikuwa na mkebe uliojaa nyaya hizo za kijani na manjano, nilizokata kwenye friji zangu.

"Nipe mmoja."

"Una bei," nikasema. Ndivyo nilivyo.

"Bei yake utaipata baada ya Pasaka. Lete!"

Akaulehemu. Akachomeka. Spika ikanyamaza kabisa, na alipogusa uzi wa kwanza, Jacktone akarudi mlangoni. Alisikiliza wimbo mzima, kisha akasema kwenye simu, "Basi, ndugu, usije."

Jumanne Ruth akaja na nyundo na nondo ya shaba. "Nimekuja kulipa waya." Akaipigilia nyuma ya duka mpaka ikazama ardhini, akavuta waya hadi ndani, akafungua plagi za friji zangu moja moja na kurudisha kile nilichokata.

Niseme kweli. Friji zangu zilikuwa zinauma watu kwa umeme. Nilizifungua kwa kitambaa, na mteja akishtuka nilimwambia ni baridi. Mwaka juzi friji ya soda ilimrusha mke wangu, Nyamvula, tukasingizia maji ya sakafuni. Sipendi kusema asante ovyo, maana asante hushusha bei. Ruth nilimwambia mara mbili siku hiyohiyo.

Sasa siuzi friji bila waya wa kijani, na mwenye nyumba isiyo na athi namtuma kwa Ruth kwanza. Wateja wawili wamenikimbia kwa ajili hiyo. Ruth ana Jumapili zake, na kayamba lake amepewa mama mwingine. Mimi nimepoteza kiti na mkebe wa nyaya. Nyamvula akitoka kudeki, miguu imelowa, hufungua friji ya soda kwa mkono mtupu.