Karatasi Nyekundu ya Semina

Ushawahi kupongezwa mpaka ukatamani kulia?

Mie yalinikuta hapahapa Mtoni. Jumatatu asubuhi natoka getini, fundi Mbwana akaiacha pikipiki ya watu imelala chali, akaja kunishika mkono kwa mikono yote miwili, grisi tupu.

"Dokta, umetuokoa wanaume. Mungu akuzidishie."

Mie si dokta. Ni Gervas, afisa afya wa kata, mtu wa vyoo, maji na takataka. Ila mtaani ukivaa koti jeupe mara moja tu, umeshakuwa dokta.

"Nimewaokoa na nini?"

Akanikonyeza. "Tulia braza. Hatukutaji."

Nikafungua simu. Nusura niiangushe mtaroni.

Turudi nyuma kidogo. Wiki iliyotangulia nilikuwa semina Chang'ombe, siku tatu, mafunzo ya mawasiliano kwa wataalamu wa afya. Kipindupindu kilikuwa kimeshabisha hodi mitaa ya jirani, na sie vidonge vya kutibu maji tumevigawa nyumba kwa nyumba tangu mwezi wa kwanza. Semina ilikuwa ya kutufundisha kuongea na watu wakatuelewa. Maana wataalamu tuna ugonjwa wetu: tukishika kipaza sauti, tunaongea kama ile karatasi inayokaa ndani ya boksi la dawa.

Siku ya mwisho mwalimu wetu, dada Anjelina, akatupa zoezi. Kila mtu aandike uvumi mbaya kabisa unaoweza kuharibu kazi yake, halafu tujifunze kuujibu.

Wenzangu wakaandika vitu vya kitoto. Mie nikamwaga sumu. Karatasi kubwa ya ukutani, kalamu nene nyekundu:

SIRI WALIYOTUFICHA: VIDONGE VYA MAJI VINAMALIZA NGUVU ZA KIUME. NDIYO MAANA WANAGAWA BURE.

Ukumbi mzima makofi. Nikatangazwa mshindi. Kichwa kikavimba, nikapiga selfi, mie mbele karatasi nyuma, nikaitupia status: "Bingwa wa mawasiliano."

Sasa picha iliyokuwa inazunguka mtaani Jumatatu ilikuwa ileile. Isipokuwa mie simo. Mtu kanikata, kabakiza karatasi peke yake, na juu kabisa inasomeka vizuri tu: MAFUNZO YA WATAALAMU WA AFYA.

Walioona status yangu walijua imetoka kwangu. Mtaa ukapiga hesabu zake: Gervas kaenda semina, kaikuta siri, kaivujisha kwa uchungu wa wanaume wenzie.

Nikawa shujaa. Na mtaroni vidonge vimemwagwa kama maganda ya karanga.

Jioni ileile nikaitisha mkutano.

"Ndugu zangu, yale yalikuwa mazoezi. Nimetunga mwenyewe, kwa kichwa changu."

Mbwana akatikisa kichwa kwa huruma.

"Wameshamtisha, maskini. Oneni anavyotoka jasho."

Nikaleta gari la matangazo, wakasema nimetekwa. Nikabandika mabango, wakasema nimenunuliwa. Kila nikikanusha, ndivyo wanavyozidi kuamini. Mzee mmoja akaniombea dua ya ulinzi, na mie kwa kuchanganyikiwa nikaitikia "Amina."

Alhamisi mzaha ukaisha.

Bibi Auleria, mama mwenye nyumba wangu, muuza uji wa pale kona, alibebwa kwenye bajaji macho yamezama, hata kusimama hawezi. Huyu ndiye aliyenipokea nilipotoka Songea sina hata godoro. Alinipa chumba, akanipa na uji. Nilikaa nje ya kambi ya wagonjwa wa kipindupindu nikalia, na sioni aibu kusema.

Kesho yake wakaniruhusu kumwona. Dripu mkononi, sauti imekauka.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mie dawa nilikuwaga natia kila siku kwenye ndoo ya maji ya kunywa, tangu mlipogawa. Juzi wateja wakaanza, 'Bibi, umetia?' Nikaacha, nisiwapoteze."

Na maji ya ndoo hiyohiyo ndiyo anayokunywa yeye.

"Mama, ile karatasi niliiandika mie. Kwa mkono wangu."

Akanikazia macho. Nikasema basi, huyu mama nimeshampoteza.

"Una mwandiko mzuri," akasema. "Akili ndiyo huna."

Wiki iliyofuata akarudi kibandani, amekonda, kitenge kinamzunguka mara mbili. Wanaume wamejaa kwenye benchi, na mie nipo pembeni na boksi langu la vidonge. Akatoa kidonge, akakinyanyua juu kila mtu akione, akakitumbukiza kwenye ndoo.

Alipoona nusu saa ya dawa kufanya kazi imetimia, akachota, akawasogezea. Vikombe vikarudishwa mezani kimoja kimoja.

"Bibi, hayo maji sie hatunywi," akasema Mbwana. "Utatusamehe."

"Mbwana baba, hapa kwangu unakunywaga maji kila siku?"

"Kila siku. Nikimaliza uji, vikombe viwili."

"Basi tangu mwezi wa kwanza umekunywa dawa, mpaka juzi nilipoacha. Miezi mitano hiyo. Na Recho mkeo, lile tumbo lina miezi mingapi?"

Benchi zima likamgeukia.

"Mitatu," akajibu, sauti imemshuka.

"Haya, chagua mbele za watu. Dawa haina neno, au tumbo si lako?"

Mbwana akaitazama ndoo. Akatutazama sie. Akachukua kikombe, akanywa mpaka tone la mwisho, akafuta mdomo kwa kiganja.

"Mbona maji tu haya," akasema. "Dokta, vile vidonge vimebaki?"

Kabla ya adhuhuri boksi langu lilikuwa tupu. Mmoja alichukua vya nyumba mbili, eti jirani yake anaona haya kuja.

Mchana nikarudi nyumbani kifua mbele. Mke wangu Hope ananipakulia wali, mie nasimulia huku natamba.

"Ila nikimpata aliyenikata kwenye ile picha, tutaonana wabaya!"

Mwiko ukasimama.

"Baba Gibson, niliyekukata ni mie."

"Nini?"

"Nilitaka wenzangu wa grupu la jumuiya kanisani waone mwandiko wako. Wewe ulikuwa umefumba macho, mdomo wazi. Ningekuachaje?"

"Na maneno hukuyasoma?"

"Niliyasoma. Si juu imeandikwa mafunzo? Nikajua kila mtu ataelewa."

Nikafungua simu kuitazama upya. Kweli, nimefumba macho.

Sikuweza kumgombeza. Na mie siku ile naipost nilijua kila mtu ataelewa.

Siku tatu nilifundishwa kuongea, na mtaa mzima haukunisikia. Ukamsikia mama aliyekuwa anajua nani anakunywa vikombe vingapi. Kwa hiyo wewe mwenye kazi ya kuelimisha watu, kabla hujashika kipaza sauti, kwanza kaa benchi moja nao unywe uji. Na ukitunga sumu darasani, iache hukohuko darasani, hata kama mwandiko ni mzuri.