Maji ya Udhu ya Bibi

Nilipokuwa mtoto pale Buyenzi, mtaa ulio karibu na ziwa, niliamini kwamba kila kisulisuli cha vumbi ni msafara wa harusi ya majini. Aliyeniambia ni Bibi, mama yake baba, na Bibi hakuwa mtu wa kubishiwa. Kiangazi, upepo wa alasiri ulitoka ziwani ukapita kwenye korongo la mto Ntahangwa, uliokuwa ukimega ukingo karibu na kwetu kila masika, na vumbi likasimama wima barabarani. Sisi watoto tulikimbilia ndani tukiziba pua kwa kanga. Hata leo, na miwani yangu ya utu uzima, nikikiona kisulisuli miguu inataka kukimbia.

Bibi alisema majini hao hulala kwenye banda la mbuzi. Tulikuwa na mbuzi mmoja tuliyemwita Madamu kwa maringo yake. Mwaka ule Madamu alizaa watoto wawili, wote wafu. Bibi aliwazika mwenyewe, akamkataza Mama, aliyekuwa na mimba ya miezi sita, asikaribie banda. Kisha akanigeukia mimi.

"Utafagia we. Lakini nyunyiza maji kwanza. Iyo vumbi iko na wenyewe. Ukiiamusha kavu, itatafuta tumbo ya mama yako."

Nilimwelewa vizuri, na ndiyo maana jambo hili liliniuma miaka yote. Siku ile bomba lilikuwa limekauka na nyumbani ilibaki ndoo moja ya maji. Nilijua ni ya udhu wa Bibi. Sikuwahi kumwona akikosa swala, na niliona vibaya akose kwa sababu ya kinyesi cha mbuzi. Basi nikabana pumzi, nikafagia banda kavukavu, harakaharaka, nikijisifu moyoni kwa akili zangu.

Upepo haukunisubiri. Kisulisuli kiliingia uani, kikachota vumbi lote la banda, kikampitia Mama aliyekuwa akianika nguo. Alikohoa, akacheka, akakung'uta kitenge chake. Mimi sikucheka.

Jioni Bibi alikuta ndoo imejaa.

"Umefagia na nini?"

"Maji ilikuwa ya udhu yako, Bibi."

Alibeba ile ndoo, akaimwaga yote bandani. Akaenda upande wa pili wa nyumba, penye udongo safi, akapiga viganja chini, akapangusa uso na mikono. Ndipo nilipoijua tayamamu.

"Maji ikikosa, Mungu ametuachia udongo," alisema. "Ungeniuliza tu, mutoto wangu."

Kisha akaswali.

Siku kama kumi na tano baadaye Mama alishikwa na homa isiyotaka kushuka. Mtoto alizaliwa kabla ya wakati wake, hakulia. Nilikaa nyuma ya mlango nikisubiri Bibi anitaje. Hakunitaja, na miaka michache baadaye alifariki. Nilimlilia sana, na nina aibu kusema kwamba ndani ya kilio kile mlikuwa na nafuu: siri yangu imezikwa naye.

Mwaka jana daktari wa mifugo alikuja kuzungumza na wafugaji wa mtaa wetu. Alisema uko ugonjwa unaotoka kwa mbuzi wanapozaa au kuharibu mimba, unakauka udongoni, upepo unaubeba, na wajawazito ndio walio hatarini zaidi. Alisema banda linyunyizwe maji kabla ya kufagiwa. Machozi yalinitoka mbele za watu. Kama ndio uliompata Mama, hakuna atakayejua. Lakini Bibi hakuwa akitutisha bure.

Nilikwenda moja kwa moja kwa Mama, nikamweleza kila kitu, ndoo, ufagio, na yale majivuno yangu. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Bibi yako aliniambia jioni ileile," alisema. "Aliniambia, uyo mutoto aliniwekea maji ya swala. Ata itokee nini, usimugombeze."

"Na wewe hukuniambia miaka yote hii?"

"Nikuambie nini? Ulikuwa mutoto."

Akainuka taratibu, akachota maji ndooni kwa kiganja, akanyunyiza ua wote, kisha akanipa ufagio.