Bega la Kushoto

Jua halijapanda vizuri, na Kola ameshainamia meza ya kukatia, kipande cha chaki nyuma ya sikio. Pembeni mdogo wake wa kiume ananyoosha sare za shule kwa pasi, mvuke ukimfunika uso.

Jina hilo alipewa na wateja: kola zake hazilegei hata nguo ikichakaa. Ufundi aliurithi kwa mama yake, pamoja na cherehani na karatasi za kukatia zilizopauka kwa kushikwashikwa.

Alirithi na kingine. Mama yao alifariki kwa saratani ya matiti, mama yao mdogo akafuata. Mwaka jana Kola alipimwa, akakutwa na jeni yenye hitilafu inayoongeza uwezekano wa kupata ugonjwa huo.

“Siumwi,” anasema, mkasi ukiendelea kutembea. “Wengi wanaopata saratani hii hawakuirithi, na mwenye jeni hii si lazima augue. Ila hatari yangu ni kubwa, kwa hiyo nachunguzwa kila mwaka. Ikianza, niikute bado changa.”

Aliyemnyima raha ni huyu mdogo wake, baba wa mabinti wawili. Kila alipomsihi akapimwe, jibu lilikuwa lile lile.

“Dada, mimi matiti ninayo wapi? Hayo mambo yenu ya kike.”

Daktari alishaeleza kwamba kila mtoto wa mama yao, wa kike au wa kiume, alikuwa na nafasi nusu kwa nusu ya kuirithi jeni hiyo, na kwamba mwanamume naye huweza kuwapa wanawe. Maneno yaliingia sikio hili yakatokea lile.

Mwezi uliopita jamaa huyo aliamua kumshonea binti yake mkubwa blauzi kwa mkono wake. Alichukua karatasi ya mama, akaifuatisha kukata kitambaa kipya. Binti alipoivaa, bega la kushoto likashuka. Karatasi ile ina kasoro tangu enzi za mama. Kola huirekebisha kwa chaki kila anapokata, na kwa mazoea alisahau kumwambia.

“Mbona nimekata vizuri?” jamaa alilalamika.

“Umekata vizuri sana. Karatasi ndiyo yenye kasoro.”

“Sasa si ungeniambia, dada?”

“La jeni nimekuambia mwaka mzima,” Kola alijibu. “Kwani karatasi ilikuuliza kama wewe ni mwanamume?”

Jamaa alimtazama binti yake, aliyekuwa akilivutavuta bega mbele ya kioo. Akazima pasi, akakaa.

Jumatano hii wanakwenda kupimwa, Kola akimsindikiza.

“Akikutwa hana, wanawe hawakuipata kwake,” anasema Kola. “Akiwa nayo, mabinti wakikua wataamua wenyewe kupimwa, na watajua mapema cha kufanya. Mama hakuipata nafasi hiyo.”

“Na pasi siku hiyo atapiga nani?” mdogo wake anadakia.

“Watu watavaa mikunjo.”

Kola anaivuta ile blauzi, anafumua bega la kushoto na kuanza kulishona upya.