Walitaka Nilie

Nikisikia mtu akisema wafanyakazi wa ndani hawana huruma, damu hunichemka. Neno hilo nilibandikwa mimi, katika nyumba moja ya Al-Naseem, Riyadh, siku niliyomtoa mtoto wao kokwa ya tende kooni.

Ilikuwa miaka ile ambayo maajenti wa Nairobi walikuwa wakitukusanya mtaa kwa mtaa. Kabla ya kupanda ndege tulikaa chuoni wiki mbili, tukafundishwa kuwasha mashine ya kufua, kusema yalla, yaani twende, na halas, yaani basi, na kuitikia kila tunaloambiwa. Kitu cha maana nilikipata asubuhi moja tu. Alikuja muuguzi mstaafu, mama mnene mwenye sauti ndogo, amebeba mwanasesere ndani ya mfuko wa plastiki. Akatuonyesha namna ya kumsaidia mtoto aliyepaliwa: unamlaza kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa kikielekea chini, unampiga kwa kiganja katikati ya mabega, mara tano. "Na uhesabu kwa sauti," akasema. "Ukihesabu hupati nafasi ya kupiga mayowe." Sisi tulikuwa tunamcheka yule mwanasesere, alikuwa na jicho moja.

Mtoto wa Al-Naseem nilimpokea akiwa na siku arobaini. Madam, mama yake, alimchukua wakati wa kulala. Saa zilizobaki alikuwa wangu, mgongoni nikipiga pasi, kiunoni nikikoroga supu. Nilimpenda, na sioni haya kusema hivyo. Alipofika miezi kumi, bibi yake, mama mzazi wa baba mwenye nyumba, alikuja kutoka Jeddah kuwatembelea. Tulimwita mama kabira, yaani mama mkubwa.

Baada ya sala ya alasiri nikapeleka kahawa na sinia ya tende sebuleni. Madam alikuwa chumbani kwenye simu. Mama kabira alikuwa amempakata mtoto, na kwa macho yangu haya nikamwona akimtia tende mdomoni, nzima, na kokwa yake ndani. Nikasema, "Mama kabira, la, ina kokwa." Akanipungia mkono ninyamaze. Yeye amelea watoto saba, atafundishwa na kadama, mtumishi wa ndani?

Hazikupita dakika mbili mtoto akanyamaza. Mtoto aliyepaliwa kweli halii. Anafungua mdomo na hakitoki kitu. Midomo ikaanza kugeuka rangi. Mama kabira akambana kifuani huku akilia na kumwita Mungu. Nikamnyang'anya. Nikamlaza mkononi, moja, mbili. Kwenye tatu madam akaingia, akamkuta kadama anampiga mwanawe mgongoni. Akapiga ukelele, akanivuta mtandio hadi shingo ikauma. Sikumwachia mtoto. Nne, tano. Hakuna kitu. Nikaanza upya, na safari hii kwenye mbili kokwa ikaangukia zulia, mtoto akalia, nami nikamkabidhi kwa mama yake.

Baba aliporudi kutoka kazini tukakalishwa sebuleni, yaani wao walikaa, mimi nikasimama.

"Hakulia," madam alimwambia mumewe, akininyooshea kidole. "Sisi tunalia, yeye anahesabu kama yuko dukani. Huyu ana moyo?"

"Nani alimpa tende?" baba akauliza.

"Sinia aliileta nani?" madam akamrudishia.

Nikamtazama mama kabira. Alikuwa anavuta tasbihi yake, punje moja moja, ametulia kabisa. Nikasema, "Baba, si mimi. Nilimwambia mama kabira—"

"Halas," baba akanikata.

Ndiyo ikawa mwisho wa kesi. Mama yake hawezi kutajwa na mdomo wangu. Na utulivu wa mama kabira hakuna aliyeuuliza kama una moyo au hauna. Wake ulikuwa heshima, wangu ukawa ukatili. Nilifika jikoni, nikatapika kwenye sinki. Hilo hawakuliona.

Dereva wa nyumba alikuwa Mkenya mwenzangu, mtu wa Kisii. Akaniambia pale mlango wa nyuma, "Sister, ungelia tu kidogo. Hawa watu wanataka kuona machozi ndio wajue uko na roho."

"Na mtoto je, angengoja nimalize kulia?"

Alinihurumia, lakini hata yeye alinikasirisha.

Uamuzi ulikuwa kwamba nisimguse mtoto tena. Mama kabira akasema basi atanichukua mimi Jeddah, nimfanyie kazi yeye, na wote wakamsifu kwa wema wake. Asubuhi ya kuondoka mtoto alininyooshea mikono. Madam akamgeuza, akamwelekeza ukutani.

Jeddah nyumba ilikuwa ya watu wawili, mimi na yeye. Siku ya nne nilikuwa nampaka mafuta miguuni, akasema kwa upole, kama anayenipa zawadi, "Nilikuchagua kwa sababu unajua kunyamaza."

Nikaweka chupa ya mafuta chini. Kwa Kiarabu changu cha jikoni nikamwambia, "Mama kabira, mimi nilitulia ili mtoto apumue. Wewe ulitulia ili iwe nini?"

Nilingoja kofi au simu ya kunirudisha ofisini kwa ajenti. Hakukasirika. Akasema, "Ningesema, mama yake asingeniachia nimpakate tena."

Alisema kweli, na kweli hiyo iliniuma kuliko kesi nzima ya Riyadh. Kumbe alijua vizuri uchungu wa kunyimwa mtoto ulivyo, akaona heri niubebe mimi.