Kompyuta Isiyoingilika ya Fundi Magige

Mimi na Magige tunagawana chumba kimoja cha biashara hapa Tarime mjini. Tumekikata katikati kwa pazia la kitenge. Upande wangu kuna vyerehani viwili na rundo la sare za shule. Upande wake kuna kompyuta, printa na mashine ya fotokopi. Mwaka wa sita sasa tunasikilizana hata tukipumua, kwa hiyo nikisema namjua, namjua kweli. Najua anavyowadanganya wateja kwamba kazi itakuwa tayari kesho, na najua ugonjwa wake mkubwa, ambao ni kufuli.

Mlango wetu una kufuli tatu. Printa imefungwa mnyororo kama mbwa mkali. Simlaumu sana, maana alizaliwa Nyamwaga, na alipokuwa darasa la nne wezi waliingia zizini kwa baba yake wakaswaga ng'ombe kumi na nne. Siku ya tatu alirudi mmoja peke yake, dume kubwa jekundu waliloliita Bwana Shauri, kipande cha kamba kikining'inia shingoni. Hadithi hiyo nimeisikia mpaka naweza kuisimulia kwa Kikurya, lugha ambayo sijui zaidi ya salamu. Akialikwa sherehe yoyote, kabla hajaonyeshwa kiti ameshalitaja lile dume. Kwao hata yeye mwenyewe wanamwita hivyo hivyo, Bwana Shauri, naye hucheka kwa furaha.

Mwaka juzi virusi kutoka kwenye fleshi za wateja vilimharibia kazi za watu za miezi mitatu. Aliumia mno. Alishinda mtandaoni wiki nzima akisoma, akaibuka na mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta, wa bure, unaoitwa Linux, na tangu siku hiyo sisi wengine hatukupumzika. Kila aliyekuja kutoa fotokopi ya kitambulisho aliambiwa kwamba mfumo huu hauingiliki. Wadukuzi wa dunia nzima waje, wakae hapo nje kwenye benchi la Shani, yaani langu mimi, mpaka wachoke, kisha warudi kwao.

Siku moja nilimuuliza, kama kweli upo mfumo usioingilika, mbona mabenki na serikali kubwa kubwa kila siku tunasikia zimedukuliwa? Akanijibu kwamba hao hawakujua kuchagua, na kwamba mimi nishone. Basi nikashona, lakini kola ile niliishona kwa hasira hadi ikabidi niifumue.

Mwezi wa pili akaja Bi Rhobi kutoka Nyangoto. Ni mjane, ana shamba la migomba na makaburi mawili ndani yake, la mumewe na la mama mkwe. Jirani yake alikuwa amedai kwamba mpaka unapita upande wa huku wa makaburi, yaani makaburi na nusu ya migomba ni vyake. Kule kwao, karibu na mgodi wa dhahabu, ardhi ambayo zamani mtu aliipita bila kuitazama, leo kila mtu anakumbuka kwamba ni ya babu yake. Aliyebaki hai kati ya walioshuhudia mkonge wa mpaka ukipandwa alikuwa mmoja tu, mzee Nyamhanga, naye alikuwa anaumwa.

Bi Rhobi alimwomba Magige aende akamrekodi mzee kwa simu yake kabla mambo hayajawa mengine. Akaenda Jumamosi. Mzee alitembea mpaka wote akishikiliwa na watu wawili, akionyesha kila shina la mkonge na kumtaja aliyechimba shimo lake. Mwisho alisimama makaburini akasema nani amelala wapi. Video nzima ilikuwa ya dakika kumi na moja. Baada ya wiki tatu mzee Nyamhanga alifariki, Mungu amrehemu, na ile video ikawa ndiye shahidi. Magige aliihamishia kwenye kompyuta na kuifuta kwenye simu, kwa maelezo kwamba simu huibiwa, kompyuta yake haiibiwi. Usuluhishi kwenye baraza la kata ulipangwa Alhamisi.

Sasa niseme jambo la hawa ndugu zangu Wakurya, kwa asiyelijua. Wanaume waliotahiriwa msimu mmoja ni rika moja, na mtu wa rika lako humzuii mlangoni. Anaingia, anafunua sufuria, anakula, na hakuna wa kuuliza. Mwaka jana alikuja Joram, rika wake Magige, mwenye duka la vipuri vya pikipiki, nikamwambia akae kwenye benchi amsubiri mwenyewe. Magige hakunisemesha siku mbili. Siku ya tatu akaniambia, "Dada Shani, Joram ni mimi. Ukimzuia yule umenizuia mimi."

Kwa hiyo Jumatatu ya wiki ile ya usuluhishi, Magige akiwa ameenda Sirari kutafuta wino wa printa, Joram alipofika nikamfungulia pazia kwa heshima zote. Alitaka kuandika kadi za mwaliko wa harusi ya mdogo wake. Kompyuta ilimwomba paswedi, akaiandika bila kusita, maana ni nani kule kwao asiyejua jina la lile dume? Baadaye nikamsikia ananung'unika. Programu ya kuandikia aliyoizoea haipo, kila kitu kimekaa kigeni, mashine ya mwenzake imeharibika kabisa. Alimhurumia. Akatoa fleshi mfukoni, akasema atamsaidia, atampigia window, yaani amwekee ule mfumo wa Windows waliouzoea wengi.

Nilisikia, na nikaendelea kushona. Sikujua kwamba kupiga window juu ya mfumo mwingine ni kufyeka shamba zima kwanza ndipo upande. Joram alifanya kazi yake kwa upendo, akachapa kadi zake, akamwachia mwenzake soda mezani, akaondoka anapiga mluzi.

Magige aliporudi aliwasha mashine, nikasikia anaizima na kuiwasha tena. Akauliza kwa sauti ndogo nani aliingia humu.

"Wewe mwenyewe," nikamjibu. "Joram."

Alikaa chini sakafuni, mgongo ukutani, na wino wake wa Sirari mapajani.

Siku iliyofuata sitaki hata kuikumbuka. Alitafuta programu za kufufua vilivyofutwa, akaziendesha mchana kutwa. Zilimpa nusu ya picha ya shina la mkonge, na sauti ya mzee akikohoa, sekunde tatu. Ile sauti ya kukohoa aliirudia mara nyingi, nikamwomba aizime. Joram alikuja, mikono kichwani, akasema yuko tayari kutoa ng'ombe, na Magige hakuweza hata kumgombeza. Mimi niliona aibu. Nilijiuliza ningepungukiwa nini kama ningemwambia yule mwanaume angoje nusu saa kwenye benchi. Sare za watoto wa watu nilizishona huku machozi yananitoka, na nilikuwa nimemkasirikia Magige na rika lake lote, na ng'ombe wao.

Jumatano saa nne asubuhi Bi Rhobi alitokea mlangoni, amekuja kupanga safari ya kesho. Magige alisimama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mura. Mbona umekonda?"

Mura ni kijana, mwanaume aliyekwisha kutahiriwa. Kina mama wa Kikurya humwita hivyo hata mwenye mvi. Magige alimweleza yote akiwa amesimama, hakujitetea, wala Joram hakumtaja kwa ubaya. Alisema video imepotea, na kwamba kosa ni lake. Mimi nilikuwa nimeshika pazia, najiandaa kumdaka mama wa watu asianguke.

Bi Rhobi hakuanguka. Aliuliza kama iliyopotea ni ile ya ndani ya mashine tu. Magige akasema ndiyo, hiyo, na ndiyo pekee iliyokuwapo. Basi mama akaketi, akafungua fundo la kanga yake, akatoa kikaratasi cha vidonge kilichokunjwa mara nne. Ndani yake mlikuwa na memori kadi, hizi ndogo za kuwekea nyimbo.

"Nilikuibia, mura," akasema. "Unisamehe."

Kumbe siku ile ya kurekodi, Magige alipokaribishwa ugali, Bi Rhobi alimwomba simu akamwonyeshe wifi yake pale senta. Hakwenda kwa wifi yake. Alikwenda moja kwa moja kwenye kibanda cha mtu anayeingiza nyimbo kwenye simu za watu, na simu ilipodai paswedi akamwambia mwenye kibanda aandike Bwana Shauri, asisahau nafasi katikati. Akatoa nakala tatu. Moja ni hii. Ya pili iko Machochwe kwa wakwe wa binti yake, ndani ya sanduku la nguo. Ya tatu ipo mahali.

Magige alimuuliza kwa nini alifanya hivyo, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeogopa kufurahi mapema.

"Mume wangu ng'ombe wake aliwaweka kwenye miji ya watu wanne," Bi Rhobi akasema. "Wengine kwa shemeji, wengine kwa rafiki, hata huko Serengeti. Wezi walikuja kwetu mara tatu. Zizi letu halikuwa baya, mura, lilikuwa na miiba mingi kuliko la baba yako. Waliingia tu. Lakini hawakutumaliza hata mara moja."

"Na mimi hukuniambia."

"Ulikuwa unaisifu mashine yako. Nikaona haya."

Tuliingiza kadi ile kwenye simu yangu. Mzee Nyamhanga akatokea, fimbo mkononi, akaanza kutembea. Magige aliweka kichwa mezani, mabega yakawa yanatikisika, na mpaka leo anabisha kwamba alikuwa anacheka. Mimi nililia wazi wazi, halafu nikamnunulia Bi Rhobi chai na chapati tatu, na nikajinunulia mimi pia, maana tangu Jumatatu chakula kilikuwa hakinipiti. Niliona mwili wote umekuwa mwepesi.

Alhamisi nilifunga upande wangu nikafuatana nao. Barazani wajumbe walisogeza viti, simu ikaunganishwa na televisheni ya kuazima, na marehemu akasema mbele ya watu kama aliyekuja mwenyewe. Jirani alisikiliza amekunja mikono. Kwenye shina la tatu mzee alimtaja aliyechimba shimo lake, na jina lilikuwa la baba yake yule jirani. Akaeleza jinsi baba huyo alivyochimba huku akiimba, na jinsi alivyokataa malipo akisema mpaka na jirani mwema haulipiwi. Jirani aliomba irudiwe hapo. Ikarudiwa. Akaomba tena. Aliikunjua mikono akasema hakuwahi kusikia habari hiyo, baba yake alikufa yeye akiwa mdogo, na kwamba twende tukaone.

Tukaenda sote kwa miguu. Mashina yalikuwa pale pale, matatu yamefunikwa na majani, moja limeoza, lakini mstari ulisomeka. Karatasi ya makubaliano ilisainiwa juu ya mgongo wa mjumbe mmoja, kwa kuwa meza haikuwapo. Makaburi yalibaki ndani ya shamba la Bi Rhobi na migomba yake yote. Jirani aliomba video ile naye awe nayo, kwa ajili ya sauti iliyomtaja baba yake, na Magige akamrushia palepale.

Bi Rhobi alikuwa amepiga magoti anang'oa magugu kaburini kwa mama mkwe wake, anaongea naye kwa Kikurya polepole. Tulimsubiri amalize. Tulipokuwa tunaagana, Magige alitoa daftari lake dogo akamuuliza ile kadi ya tatu iko wapi hasa, ili siku likitokea la kutokea tujue pa kuanzia.

Bi Rhobi alipangusa udongo mikononi, akamtazama kwa upole.

"Mura," akasema, "wewe una rika kubwa."

Magige alifunga daftari. Alimshika mama mkono kwa mikono yake miwili, akamwambia ni kweli, asimwambie mtu yeyote, hata yeye.